Vyaelea, Vimeundwa: Utulivu wa Mkunga Katika Saa ya Hatari

Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi na ukunga wanaoanza mafunzo ya vitendo wodini



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo lisilo na kipindi chake kwenye ratiba, ingawa kila mgonjwa atawapima kwalo: namna ya mhudumu kuwa mtulivu, na kuonekana anajiamini, mambo yanapoharibika. Nimeupokea wito huu kwa moyo mmoja, kwa sababu wanafunzi huniuliza habari hii kuliko wanavyouliza habari za dawa. Huniambia: "Mwalimu, wale masista wa leba wanawezaje? Mama anatoka damu, daktari yuko njiani, ndugu wanalia mlangoni, na sista sauti yake haipandi wala haitetemeki. Wamezaliwa hivyo?"

Hawakuzaliwa hivyo. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Utulivu mnaouona kwa sista yule umeundwa, na vilivyouunda vinajulikana: mazoezi mafupi ya mara kwa mara, maneno yaliyopangwa mapema, ukweli, na timu ambayo kila mtu ndani yake ana ruhusa ya kusema. Leo nitapita katika kila kimoja, kisha nitasema wazi nani anadaiwa nini.

Mwili hauna kosa

Nianze na mwili, maana hapo ndipo wengi wenu mnapojihukumu bure. Mwanafunzi anaona vidole vinatetemeka, kinywa kimekauka, moyo unakwenda mbio, basi anajiambia kazi hii si yake. Mwanasayansi wa Marekani Walter Cannon alishaeleza tangu 1915 kinachotokea. Mbele ya hatari mwili humwaga adrenalini, moyo huongeza kasi, sukari hupanda katika damu, na misuli hupelekewa damu zaidi ili mtu apigane au akimbie. Bingwa mwenye miaka 30 kazini humpata hayohayo. Ila yeye ameshayazoea, hayaonei aibu, na anajua la kufanya nayo.

Tatizo ni kwamba leba haitaki mtu wa kupigana wala wa kukimbia. Inataka vidole vinavyoweza kupata mshipa, sikio linalosikia mapigo ya moyo wa mtoto, na akili inayokumbuka dozi. Hofu ikizidi, macho hung'ang'ania kitu kimoja, masikio hayapokei tena, na mtu hupoteza hesabu ya dakika. Hata hivyo, msitafute kuifuta hofu yote. Mwaka 1908 watafiti wawili, Robert Yerkes na John Dodson, walifundisha panya kuchagua njia sahihi kwa kuwapiga shoti ya umeme walipokosea. Pale tofauti ya njia ilipokuwa wazi, shoti kali iliharakisha kujifunza. Pale tofauti ilipokuwa ngumu kuiona, panya walijifunza vizuri zaidi kwa shoti ya wastani. Kazi yetu imejaa tofauti ngumu kuziona. Hofu kidogo hutuamsha. Tunachotakiwa ni kuishusha hadi kiwango tunachoweza kufanya nacho kazi.

Njia ya haraka ya kuishusha mnayo puani. Unapotoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mshipa wa fahamu uitwao vagasi huupunguzia moyo kasi. Haihitaji chumba cha faragha. Fanya mara mbili au tatu wakati unavaa glovu, na hakuna atakayejua. Kisha badilisha unachojiambia. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio juu ya watu waliokuwa karibu kuimba mbele ya wengine, kuhutubia, au kufanya hesabu chini ya shinikizo. Waliojiambia kwamba wana hamasa walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Kwa hiyo usipoteze nguvu kuuamrisha moyo unyamaze. Uambie: mwili wangu umeamka kwa ajili ya mama huyu, twende kazini.

Kuna habari njema nyingine. Mwaka 1998 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walionyesha kwamba mtu hudhani yaliyomo moyoni mwake yanaonekana nje kuliko yanavyoonekana kweli. Mwaka 2003 Gilovich na Kenneth Savitsky walijaribu jambo hilo kwa watu wanaohutubia. Walioelezwa mapema kwamba wasikilizaji hawaioni hofu yao kwa kiasi wanachodhani walihutubia vizuri zaidi, na wasikilizaji wenyewe walikiri hivyo. Basi nawaambieni nanyi mapema: mtetemeko unaousikia ndani yako ni mkubwa kuliko ule anaouona mama kitandani. Ukishalijua hilo, hofu ya kuonekana una hofu inapungua, na kazi inabaki moja badala ya mbili.

Nawaonya juu ya njia moja ya mkato iliyovuma sana. Mwaka 2010 watafiti watatu wa Marekani walitangaza kwamba kusimama kwa madaha kwa dakika chache, umetanua mikono na kifua, hubadilisha homoni za mwili na kumpa mtu ujasiri. Watu wengi wakaifuata. Mwaka 2015 watafiti wengine walirudia jaribio hilo kwa watu 200, na homoni hazikubadilika. Mwaka uliofuata Dana Carney, mmoja wa wale watatu, alitangaza hadharani kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ipo. Simameni wima kwa sababu ni adabu ya kazi na nafuu ya mgongo. Ujasiri wa leba hautokani na mkao.

Mikono inayojua njia

Unatokana na nini, basi? Jibu zuri ninalolijua limetoka hapahapa kwetu, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 wahudumu wa hospitali hiyo walipata mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Miezi 7 baadaye walipimwa kwa mwanasesere, na ujuzi wao ulikuwa umepanda sana. Lakini watafiti walipoangalia yaliyokuwa yakitendeka leba kwenyewe, kwa watoto halisi, utendaji haukuwa umebadilika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na naomba kila mkuu wa chuo ayaweke ukutani. Watu walijua. Waliweza mbele ya mwanasesere. Saa ya hatari ilipofika, mikono ilirudia mazoea ya zamani.

Haydom hawakukata tamaa. Walimhamisha mwanasesere kutoka darasani wakamweka palepale leba, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi ya dakika chache tu, lakini mara kwa mara, ndani ya zamu zao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yanaonyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mbegu hiyo ilikuzwa ikawa mpango wa vituo 30 katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Ripoti yake ilitoka mwaka 2025: vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika siku ya kwanza vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Hao ni watoto wa Watanzania, waliookolewa na wakunga wa Tanzania wanaofanya mazoezi katika leba zao wenyewe.

Hebu tuitazame dakika yenyewe kwa karibu, maana mtakutana nayo. Mtoto ametoka. Halii. Rangi yake si nzuri na viungo vimelegea. Unamkausha kwa kitambaa, unakitupa kilicholowa na kumfunika kwa kikavu, unamsugua mgongo. Bado. Njia ya hewa ina uchafu, unausafisha. Bado. Unafunga kitovu, unakata, unamlaza juu ya meza, kichwa kimenyooka, hakikuinama wala hakikupinda nyuma. Unachukua ambu begi, unaikalisha barakoa ndogo kuanzia kidevuni, inafunika mdomo na pua na haigusi macho, unabana. Unatazama kifua. Kifua hakipandi. Hapa ndipo asiye na mazoezi hukata tamaa au huanza kubana kwa fujo. Mwenye mazoezi hana haja ya kuwaza: anakiweka kichwa upya, anaikalisha barakoa upya, anaufungua mdomo wa mtoto kidogo, anabana kwa nguvu zaidi kidogo. Kifua kinapanda. Anaendelea, pumzi kama 40 kwa dakika. Yote niliyoyataja, tangu mtoto kutoka hadi pumzi ya kwanza ya begi, yanatakiwa kutimia ndani ya dakika moja, ile ambayo wenzetu wameiita dakika ya dhahabu.

Mtu akisimama pembeni atasema sista yule ni mtulivu ajabu. Alichokiona ni mikono inayojua kinachofuata. Mikono ikijua, akili hupata nafasi ya kutazama kifua, kusikiliza, na kusema neno na mama. Ndiyo maana sitawaambia mtulie. Neno hilo halijamtuliza mtu yeyote. Nitawaambia mkafanye mazoezi hadi hatua ya pili ianze yenyewe ya kwanza inapokwisha.

Kinywa cha mhudumu ni sehemu ya tiba

Tuje kwenye maneno. Mama aliye kitandani hawezi kupima shinikizo lake la damu wala kuiona damu iliyo chini yake. Anachoweza kusoma ni uso wako na sauti yako. Kwake yeye hizo ndizo mashine. Ndiyo sababu nasema kuonekana mtulivu hakuhusu fahari ya mhudumu. Ni huduma anayodaiwa mgonjwa, sawa na sindano na dripu.

Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2017 ulikusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000. Ulionyesha kwamba mama anayepata mtu wa kukaa naye na kumtia moyo muda wote wa uchungu ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na uchungu wake huwa mfupi. Utulivu wa aliye pembeni hupita ukaingia kwa aliyelala. Na kinyume chake ni kweli. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko dhidi ya manyanyaso na lugha ya dharau kwa wanawake wanaojifungua, kwa sababu tatizo hilo lipo katika nchi nyingi, yetu ikiwemo. Tuseme ukweli mbele ya wazazi waliopo hapa: wapo kina mama wanaofokewa leba. Nami nimeamini kwamba kufoka kule mara nyingi ni woga wa mhudumu uliovaa cheo. Mtoto anachelewa kushuka, sista anaogopa, hajui la kufanya, anampigia mama kelele. Anayejua la kufanya hana sababu ya kufoka.

Sasa useme nini? Mwezi Juni 1982 ndege ya abiria ya British Airways iliingia katika wingu la majivu ya volkano ya Galunggung karibu na kisiwa cha Java, Indonesia. Injini zote nne zikazimika, usiku, angani. Rubani wake, Kapteni Eric Moody, aliwatangazia abiria wake 248 kwa sauti ya kawaida kwamba kuna tatizo, kwamba injini zote nne zimesimama, kwamba wao wanafanya kila wawezalo kuziwasha tena, na kwamba anatumaini abiria hawataabiki mno. Injini ziliwaka tena baadaye, ndege ikatua Jakarta, na wote waliokuwemo walitoka salama. Tangazo lile husimuliwa hadi leo kwa upole wake. Mimi nalipenda kwa sababu nyingine: hakuna uongo ndani yake. Alitaja kilichotokea, akataja kinachofanyika, akawakumbuka wanaomsikiliza.

Yachukueni mambo hayo matatu muyapeleke leba. Damu inazidi. Usimwambie mama "hakuna kitu," kwa sababu anaona watu wanakimbia, na kuanzia hapo hatakuamini tena. Sogea karibu na kichwa chake, mtazame, useme: "Mama, unatokwa na damu kuliko inavyotakiwa. Nimekuchoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, na mwenzangu anakuwekea dripu. Wewe nisikilize mimi, na uniambie ukisikia kizunguzungu." Sentensi tatu fupi. Ya kwanza ni ukweli, ya pili ni kazi inayoendelea, ya tatu inampa yeye jambo la kufanya, na mtu mwenye jambo la kufanya hofu yake hupungua. Mwite mama, dada, au kwa jina lake. Akiwa mkubwa kwako kiumri, shikamoo yake haiondolewi na dharura.

Wala msimsahau aliye nje ya mlango. Mume, mama mkwe, shangazi aliyebeba kanga na chupa ya uji: kila mlango unapofunguliwa wanasoma uso wa anayetoka. Atolewe mtu mmoja awaambie kwa sauti ya chini yale matatu, na aseme atarudi lini. Kisha arudi kweli, hata kama hana jipya. Ghasia nyingi milangoni mwa wodi huanzia kwenye ukimya.

Utulivu unaoua

Wanafunzi wangu, upo utulivu mwingine ambao lazima niutaje, kwa kuwa umezika watu. Ni utulivu wa asiyejua na kujiamini kwa asiyeulizika.

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Tenerife, kwenye Visiwa vya Kanari, ndege mbili kubwa zilikuwa katika njia moja ya kurukia, ndani ya ukungu. Rubani wa ndege ya KLM alikuwa mkufunzi mkuu, mtu mwenye heshima kubwa katika shirika lake. Alianza kuruka bila kibali kamili. Mhandisi wake wa ndege aliuliza kama ile ndege nyingine ya Pan Am imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi akanyamaza. Ndege zikagongana, na watu 583 wakafa. Yule rubani hakukosa kujiamini. Kilichokosekana ni nafasi ya mdogo kumsimamisha mkubwa.

Na kwetu leba? Utulivu wa asiyejua unakaa machoni. Kwa miaka mingi tumekadiria damu kwa kuitazama tu kitandani na kusema ni ya kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania kwa wanawake zaidi ya 200,000, ulionyesha gharama ya mazoea hayo. Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, karibu nusu ya waliotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hawakutambuliwa. Katika hospitali zilizopewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaotandikwa chini ya mama ili damu ikusanyike na kusomwa, waliotambuliwa walifika asilimia 93. Na huko, damu ikionekana kuzidi, wahudumu waliyafanya mambo matano kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe: kukanda mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza, asidi ya traneksamiki, dripu, na kumchunguza mama kutafuta chanzo na kumpatia huduma ya ngazi ya juu inapohitajika. Hali mbaya kabisa, yaani kupoteza damu kwa kiwango cha hatari, kupasuliwa kwa sababu hiyo au kufa, zilipungua kwa asilimia 60.

Fikirini maana yake. Katika ile nusu isiyotambuliwa, wapo waliokuwa na wahudumu watulivu sana pembeni yao. Walitulia kwa sababu hawakujua. Kwa hiyo kabla ya kuusifu utulivu wako, jiulize: nimepima? Saa ngapi mara ya mwisho? Mililita ngapi? Ukiwa na majibu, tulia na ufanye kazi. Ukikosa majibu, huna haki ya kutulia.

Kujiamini ni kuita msaada

Wengi wenu mnadhani anayejiamini haombi msaada. Naomba muitoe dhana hiyo vichwani mwenu leo hii. Kuita mapema, kwa sauti ya wazi na kwa maneno kamili, ndiyo alama ya mtu anayejua kazi.

Zipo namna mbili za kuita. Ya kwanza ni kupiga kelele hewani: "Jamani, leteni dripu!" Watu watatu wanasikia, kila mmoja anadhani mwenzake anakwenda, dripu haiji. Au wanakwenda wote, na mama anabaki peke yake. Ya pili ni kumtaja mtu kwa jina, ukimtazama, na kumpa agizo moja: fulani, choma oksitosini yuniti 10 pajani. Naye analirudia agizo, anachoma, kisha anatangaza: nimechoma oksitosini yuniti 10, saa nane na dakika tano. Mtu mwingine anaandika. Chumba kinachofanya kazi hivi hakina kelele, na mgeni akiingia atadhani hakuna dharura.

Lakini utamtaja mtu kwa jina vipi ikiwa humjui? Hapa nchi yetu ina sehemu katika historia. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji mwaka 2008, hospitali nane katika miji nane duniani ziliijaribu. Miongoni mwa miji hiyo ilikuwamo London, Toronto, Seattle, New Delhi, na Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Moja ya hatua zake, kabla kisu hakijagusa ngozi, ni kila aliyemo chumbani kujitambulisha kwa jina na kazi yake. Wapo wanaoiona hatua hiyo ni kupoteza muda. Mimi naiona ni mlango. Mdogo akishatamka jina lake mbele ya bingwa, sauti yake imeshasikika chumbani mara moja, na mara ya pili ni rahisi. Yule mhandisi wa Tenerife alihitaji mara ya pili.

Hapa mila zetu zinatudai tahadhari. Tumelelewa kutomkatiza mkubwa, na malezi hayo ni mema. Lakini heshima ina lugha ya kuonya pia. Mwanafunzi akiona dozi haiko sawa anaweza kusema: "Samahani daktari, naomba tuhakikishe dozi kabla sijachoma." Hajamvunjia mtu heshima, na sindano imesimama. Nanyi mabingwa mlioko hapa, siku mwanafunzi akikusimamisha hivyo na ikaonekana wewe ndiye ulikuwa sahihi, mshukuru. Jibu utakalompa siku hiyo ndilo litakaloamua kama atasema tena siku ambayo wewe umekosea.

Nani anadaiwa nini

Sasa nimalizie kwa madai, maana utulivu haukai hewani.

Viongozi wa hospitali na halmashauri wanadaiwa kabati lenye vitu. Hakuna mazoezi ya pumzi yatakayomtuliza mkunga aliyekuta oksitosini imekwisha, au imeharibika kwa kukaa nje ya friji. Hakuna neno zuri litakalomsaidia sista aliye peke yake na kina mama wanne wanaosukuma kwa wakati mmoja. Tukimlaumu huyo kwa kukosa utulivu, tunamsingizia. Trei ya dharura ikaguliwe kila zamu inapopokelewa, na upungufu uandikwe na uripotiwe siku hiyohiyo.

Wakufunzi tunadaiwa kuwatoa wanasesere kabatini. Mwanasesere aliyefungwa kwenye plastiki asichafuke hajamsaidia mtoto yeyote. Tunadaiwa pia kikao kifupi baada ya kila dharura, heri au shari, cha kuuliza kilichokwenda vizuri na cha kurekebisha, bila kumtafuta mchawi. Mhudumu anayejua kwamba kesho atadhalilishwa mbele ya wenzake hawezi kutulia leo.

Nanyi wanafunzi mnadaiwa mazoezi. Nchi hii imepiga hatua: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Katika hao 104 wamo wanaopotea kwa damu na kifafa cha mimba, mambo tunayoyajua na tunayoweza kuyatibu. Mnaingia wodini kuendeleza kazi iliyoanzwa na wakunga waliowatangulia, na hamna ruhusa ya kuiacha ilipofika. Kila zamu, ishikeni ambu begi kabla hamjaishika simu. Yajueni majina ya mnaofanya nao kazi. Pimeni kabla ya kukadiria. Mwambieni mama ukweli kwa sauti ya upole. Iteni msaada mapema.

Mama anayekuja kujifungua mikononi mwenu anastahili mhudumu aliyejiandaa kabla yeye hajafika. Anzeni leo. Chumba cha mazoezi kitakuwa wazi jioni hii baada ya chai, na wakufunzi tutakuwepo. Njooni.